Hata Daktari Hufundishwa Kutazama Choo cha Mtoto

Mtoto mchanga ana wiki tatu. Ananyonya vizuri. Lakini macho yake ni ya manjano, na choo chake ni cheupe kama chokaa. Mama anampeleka hospitali. Daktari anasema, "Mweke kwenye jua la asubuhi. Yatakwisha yenyewe."

Je, daktari huyu amekosea? Kwa watoto wengi asingekosea. Watoto wengi huzaliwa wakapata manjano siku za kwanza, nayo huisha. Lakini manjano yanayopita wiki mbili, pamoja na choo cheupe na mkojo wa rangi nzito, ni jambo jingine. Huenda ini la mtoto ni gonjwa.

Ini hutengeneza nyongo. Nyongo hupita katika mirija midogo mpaka kwenye utumbo. Nyongo ndiyo inayokipa choo rangi yake. Watoto wachache mirija yao huziba. Nyongo haipiti, nayo hubaki ndani na kuliharibu ini. Bila matibabu, wengi wa watoto hao hufa kabla ya kutimiza miaka miwili.

Zamani madaktari hawakuwa na la kufanya. Mwaka 1959 daktari Morio Kasai, wa mji wa Sendai nchini Japani, alieleza upasuaji mpya. Aliondoa mirija iliyoziba. Kisha alichukua sehemu ya utumbo wa mtoto mwenyewe, akaishona kwenye ini. Nyongo ikapata njia. Upasuaji huo unafanywa mpaka leo. Hauponyi kila mtoto, na wengine baadaye huhitaji kupewa ini la mtu mwingine. Lakini ukifanywa mapema, kabla mtoto hajafikisha siku 60, matumaini ni makubwa zaidi.

Basi taabu ni siku. Siku hupotea kwa sababu ugonjwa huu ni wa nadra. Huko Uingereza hupata mtoto 1 hivi katika kila watoto 16,000. Daktari anaweza kufanya kazi miaka mingi asiuone hata mara moja. Atautambuaje?

Katika miaka ya 1970, daktari Alex Mowat wa hospitali ya King's College, London, alianza kuwakusanya watoto wagonjwa wa ini mahali pamoja. Madaktari wengine walikwenda kujifunza kwake. Tangu mwaka 1999, upasuaji wa mirija hiyo katika England hufanywa katika miji mitatu tu: London, Birmingham na Leeds. Safari ya wazazi ni ndefu, ni kweli. Lakini nani angependa mwanawe apasuliwe na mtu anayefanya kazi hiyo mara moja kwa miaka mitano?

Madaktari hao hujifunza nini? Hujifunza kupima damu ili kujua manjano ni ya aina gani. Hujifunza kumpiga mtoto sindano ya vitamini K, maana damu yake haigandi vizuri na anaweza kuvuja damu kichwani. Tena hujifunza kufungua nepi na kutazama choo kwa macho yao wenyewe. Hata mwenye shahada mbili hufungua nepi.

Huko Taiwan akina mama nao walifundishwa. Tangu mwaka 2004 kila mzazi hupewa kadi yenye picha za rangi za choo. Hulinganisha choo cha mtoto na picha. Baada ya hapo watoto wengi zaidi walipasuliwa kabla ya siku 60.

Na Afrika? Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika ya Kusini, huwafundisha madaktari wa watoto kutoka nchi nyingine za Afrika. Wakimaliza, hurudi kwao kufanya kazi.

Yule mama wa mtoto wa wiki tatu asikubali kungoja jua. Arudi hospitali, achukue nepi yenye choo, amwonyeshe daktari, na aombe damu ya mtoto ipimwe siku hiyo hiyo.