Maji ya dawa, upepo wa kifo: siku moja katika mji wa Jáchymov

Ndugu msomaji, tundika kaski yako juu ya msumari, kaa chini, ita bibi na watoto waje kusikiliza. Leo ukurasa huu wa usalama na afya unakupeleka safari ya siku moja. Hatuendi Kipushi wala Kolwezi. Tunakwenda mbali, Ulaya, katika nchi ya Czech, kwenye milima inayopakana na Ujerumani. Huko kuna mji mdogo unaoitwa Jáchymov. Wagonjwa wa viungo wanakuja huko kuoga maji ya moto ili maumivu yapungue.

Utauliza: «Mambo ya kuoga Ulaya yananihusu nini, mimi mtu wa mukoti?» Yanakuhusu sana. Maji yale yanatoka ndani ya mukoti. Na kile kinachoitwa dawa ndani ya bafu ndicho kilichoua wachimbaji wa mji ule. Tena mji ule na Katanga yetu ni kama watoto wa baba mmoja. Panda basi, utaona sababu.

ASUBUHI: KUPANDA MLIMA

Safari inaanzia Karlovy Vary, mji mkubwa wenye chemchemi nyingi. Chemchemi moja, Vřídlo, inarusha maji yenye moto wa digrii zaidi ya 70. Usiweke mkono. Kutoka hapo basi inapanda karibu kilometa 20 mpaka Jáchymov. Milima hii kwa Kijerumani inaitwa Erzgebirge, maana yake milima ya madini. Kilele chake kikubwa, Klínovec, kina meta 1,244. Usishangae mno: Lubumbashi yenyewe imekaa juu karibu sawasawa na kilele hicho. Lakini kule baridi ni kali na wakati wake theluji inafunika kila kitu. Chukua koti.

Mji umejibana ndani ya bonde jembamba. Chini kuna majengo ya bafu, juu kuna mji wa zamani. Mwaka 1516 watu walikuta fedha hapa, ile madini nyeupe. Wachimbaji wakakimbilia kutoka kila upande, na katika miaka michache mji ukawa na watu karibu 18,000. Wenye mji wakapiga sarafu za fedha. Kwa Kijerumani mji uliitwa Joachimsthal, na sarafu zikaitwa «thaler». Kutoka neno hilo likazaliwa neno «dola». Basi kila mara unaposikia bei ya shaba katika dola, unataja jina la mji huu wa wachimbaji. Nyumba iliyopiga sarafu ingalipo, leo ni makumbusho. Mwaka 2019 UNESCO iliandika milima hii ya madini, upande wa Czech na upande wa Ujerumani, katika orodha ya urithi wa dunia.

MGANGA ALIYESHUKA NA KUTAZAMA

Mbele ya makumbusho kiongozi atakutajia jina la Georgius Agricola. Huyu alikuwa mganga wa mji kuanzia mwaka 1527. Hakukaa tu akingoja wagonjwa. Alikwenda kwa wachimbaji, akatazama kazi yao, mashini zao, na magonjwa yao. Kitabu chake kikubwa juu ya kazi ya madini kilitoka mwaka 1556, yeye akiwa amekwisha kufa.

Ndani yake aliandika kwamba vumbi la mawe makavu linaingia katika mapafu na kuyala. Alieleza kwamba katika milima mingine ya Ulaya kulikuwa na wanawake waliokuwa wamefiwa na mabwana saba, wote wachimbaji, mmoja baada ya mwingine. Alionyesha pia dawa ya jambo hilo: mashini za kusukuma upepo chini ya udongo, na kitambaa cha kufunika uso.

Fikiri, ndugu. Karibu miaka 500 iliyopita mtu alikwisha kusema: upepo safi, na funika pua. Na leo bado kuna mtu ambaye maski yake inaning'inia shingoni kama mkufu.

JIWE JEUSI

Fedha ilipopungua, wachimbaji walikuta jiwe jeusi, zito, wakalitupa. Waliliona kama jiwe la bahati mbaya. Mwaka 1789 mwanachuoni Klaproth alikuta ndani ya jiwe la namna hiyo madini mapya: uraniumu. Mwaka 1898, huko Paris, Marie Curie na bwana wake Pierre walitumia mawe ya Jáchymov, wakagundua poloniamu na radiumu. Marie alikuja mwenyewe kutazama mji huu mwaka 1925. Alikuwa na desturi ya kushika radiumu bila kujikinga. Alikufa mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu, na waganga wanaona mwanga ule usioonekana ndio uliomwua. Hata mwenye elimu kubwa hasamehewi na hatari asiyoichunga.

Sasa vaa kaski, maana unaingia katika Štola č. 1, njia ya chini ya udongo iliyofunguliwa kwa wageni. Baada ya vita ya pili ya dunia, uraniumu wote wa Jáchymov ulikwenda Urusi. Katika miaka ya 1950 serikali ya wakati ule iliwafunga watu kwa sababu ya siasa, ikawatuma katika mashimo haya. Walichimba bila ulinzi unaofaa. Leo kuna njia ya miguu inayopita mahali pa kambi zao, nayo inaitwa «jehanamu ya Jáchymov». Pita kimya. Hao nao walikuwa wachimbaji kama wewe.

MCHANA: NDANI YA BAFU

Baada ya chakula unateremka kwenye bafu. Maji yanatoka katika mukoti uitwao Svornost, maana yake Mapatano. Mukoti huu ulianza katika karne ya 16 na haujafungwa. Leo mazao yake si fedha tena wala uraniumu, ni maji. Mwaka 1864 wachimbaji walipasua mwamba, meta kama 500 chini, maji mengi ya uvuguvugu yakawafurika. Walilia hasara. Mwaka 1906 watu wakaanza kuyatumia kuogesha wagonjwa, na mwaka 1912 hoteli kubwa ya Radium Palace ikafunguliwa. Chemchemi ya Běhounek, ambayo ni moja ya zile za mukoti huu, ina moto wa digrii 36 hivi, karibu sawa na mwili wa mtu.

Lakini usifikiri kila mtu anavua nguo na kuruka ndani. Angalia utaratibu wao, maana hapa ndipo penye somo:

Kwanza, mganga anampima mgonjwa. Asiyefaa anakatazwa.
Pili, mganga anaandika idadi ya bafu, kama anavyoandika vidonge.
Tatu, mgonjwa anakaa majini dakika 20 tu, kisha anatoka na kupumzika.
Nne, baada ya majuma machache anarudi kwao.

Wagonjwa wa mgongo na wa viungo wanasema maumivu yanapungua kwa miezi mingi. Waganga wengine wa dunia wanasita, wanauliza kama faida inapita hatari. Sisi hatuamui kesi hiyo. Tunatazama jambo moja: kinachofanya maji haya yaitwe dawa ni gazi inayoitwa radoni. Na mgonjwa anapewa kwa kipimo.

GAZI ILE ILE, HABARI NYINGINE

Mchimbaji hakupewa kwa kipimo. Yeye aliivuta posti nzima, kila siku, miaka ishirini. Ng'ambo ya mpaka, katika mji wa Schneeberg, waganga wawili, Härting na Hesse, walionyesha mwaka 1879 kwamba ugonjwa uliokuwa ukimaliza wachimbaji ulikuwa kansere ya mapafu. Katika karne ya 20 waganga walikuta ugonjwa ule ule Jáchymov. Halafu ikajulikana kwamba radoni ndiyo mwenye kosa. Mwaka 1988 shirika la kimataifa la kuchunguza kansere liliiandika radoni waziwazi katika vitu vinavyoleta kansere kwa watu.

Namna gani gazi inaua? Sikiliza vizuri, umweleze mwenzako.

Uraniumu ulio ndani ya jiwe unageuka polepole kuwa radiumu, na radiumu inageuka kuwa radoni. Radoni haina rangi, haina harufu, haina ladha. Inatoka katika ufa wa mwamba, au inakuja na maji yanayochuruzika, kisha inaingia katika upepo unaovuta. Katika siku karibu nne nusu yake inageuka tena, inazaa vipande vidogo sana ambavyo si gazi. Vipande hivyo vinashika vumbi. Vumbi linaingia mapafuni na kukaa. Huko ndani vinachoma nyama ya mapafu kidogo kidogo, wala hausikii kitu. Ugonjwa unaonekana baada ya miaka mingi, pengine umekwisha kupata pensheni na unafikiri umepona kazi.

Na mvuta sigara? Hatari mbili hazijumlishwi tu, zinazidishana. Ukivuta radoni na ukavuta sigara, unajichimbia shimo kwa mikono miwili.

KATANGA NA JÁCHYMOV

Tulisema sisi ni ndugu wa mji huu. Mwaka 1915 mtafuta madini Robert Sharp aliona uraniumu huko Shinkolobwe, karibu na Likasi. Jiwe la Shinkolobwe lilikuwa na uraniumu mwingi kupita la Jáchymov. Kuanzia mwaka 1922 kiwanda cha Olen, katika Ubelgiji, kilitoa radiumu kwa mawe yetu, bei ikashuka duniani, na Jáchymov ikapoteza ukubwa wake. Wakati wa vita ya pili, uraniumu wa Shinkolobwe ulikwenda Marekani kutengeneza bomu la atomi. Baadaye mukoti ulifungwa. Lakini watu waliendelea kuingia kutafuta kobalti kwa siri, na mwaka 2004 udongo ulibomoka, watu wakafa.

Jua tena hili: katika Katanga uraniumu hufuatana mara nyingine na shaba na kobalti. Kwa hiyo mtu asiseme, «Mimi nachimba shaba, habari ya radoni si yangu.» Na hata pahali ambapo uraniumu haupo, vumbi la mawe lipo, na vumbi peke yake linatosha kuharibu mapafu. Kinga ya hatari zote mbili inafanana.

JIONI: UNARUDI NA NINI?

Basi inateremka, jua linazama nyuma ya misonobari. Wageni wengine wanarudi na picha na sabuni ya kunukia. Wewe mtu wa mukoti rudi na mambo haya:

1. Upepo ni chakula cha mapafu. Mashini ya upepo ikisimama, usiendelee na kazi ukisema «namaliza kidogo tu». Toka, mjulishe kapita. Gazi inajaa haraka pahali pasipo na upepo.

2. Usitoboe mpira wa upepo, usiache mlango wa upepo wazi. Unaiba pumzi ya mwenzako aliye mbele.

3. Usiingie katika njia za zamani zilizofungwa, hata kupumzika. Huko upepo umekufa, na radoni inakusanyika.

4. Toboa mawe kwa maji, si kwa ukavu. Baada ya baruti ngoja muda uliowekwa, kisha mwagia maji mawe yaliyoanguka kabla ya kuyaondoa.

5. Maski ni ya pua na kinywa. Ivae, isafishe. Lakini usiifanye badala ya upepo: maski ya vumbi haizuii gazi yenyewe.

6. Usioge wala usinywe maji ya mukoti ukisema ni dawa kama ya Jáchymov. Kule maji yanapimwa na mganga anasimamia. Hapa hujui ndani mna nini.

7. Mganga wa kampani akikuita kwa picha ya mapafu, nenda. Kama unakohoa majuma matatu, au unatema damu, nenda bila kuitwa.

8. Acha sigara. Kama huwezi leo, anza kupunguza leo.

Na nyinyi akina mama, neno lenu liko hapa. Nguo za kazi zisikung'utwe ndani ya nyumba wala karibu na kitanda cha mtoto. Zilowesheni kwanza, zifueni peke yake. Na mawe mazuri ya rangi, ya manjano au ya kijani, ambayo baba anayaleta kwa kuwafurahisha watoto, yasikae nyumbani. Mawe ya uraniumu nayo yana rangi nzuri. Mtoto apewe mpira, si jiwe.

Agricola alihesabu wanawake waliofiwa mara saba. Sisi tunataka kuhesabu wachimbaji waliozeeka, waliokaa kivulini mbele ya nyumba zao, wakipumua vizuri na kuwasimulia wajukuu habari za mukoti. Njia ya kufika huko ni ile ya bafu za Jáchymov: kipimo, muda, upepo, na mganga. Kesho asubuhi, kabla ya kushuka, simama kidogo ukatege sikio. Mashini ya upepo inalia? Kama inalia, shuka kwa amani. Kama imenyamaza, uliza kwanza.

Tahadhari kabla ya hatari, ndugu.