Kidole cha Sita, Baka la Kibuluu na Kitovu Kilichotokeza

Kabla sijaanza, weka chini kile ulichoshika. Mtoto usimweke chini, mkono mmoja unatosha. Geuza kiganja kitazame juu, gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha kunja kifundo cha mkono kidogo. Umeona kamba inayotokeza katikati ya kifundo? Hiyo ni kano, inayounganisha msuli na mkono. Kama huioni, usitie wasiwasi. Utafiti kutoka Uganda uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta kwamba wasio na kano hiyo hawafiki 5 kwa kila watu 100. Wanapika, wanalima na kuchuna majani chai kama wewe.

Nimeanza hapo kwa sababu mama akijifungua, jambo la kwanza ni kumkagua mtoto kutoka utosini hadi unyayoni. Akikuta kitu tofauti, moyo unaruka. Ndipo jirani anakuja na uzi, shangazi anakuja na sarafu, na mama mkwe anauliza ukoo wenu una nini.

Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Ziko aina kama 200. Seli zinazofanya kazi pamoja huitwa tishu, na tishu ziko makundi manne. Kuna tishu ya kufunika, kama ngozi ya juu na utando wa ndani ya mdomo. Kuna ya kushikanisha, kama mfupa, kano, mafuta na hata damu. Kuna misuli, na kuna neva zinazopeleka habari za maumivu na mguso kwenye ubongo. Shikeni hayo manne, tutayahitaji sasa hivi.

Tuanze na kidole cha sita. Katika wiki ya sita hivi ya mimba, mkono wa mtoto ni kama mwiko, haujagawanyika. Kisha seli zilizo kati ya vidole hufa zenyewe, na vidole vinaachana. Mpango huo ukibadilika kidogo, kinatokea kidole cha ziada, mara nyingi kando ya kidole cha mwisho. Sisi Waafrika tunacho kuliko watu wengine wengi, na kwa kawaida ni kitu cha ukoo. Ukiuliza vizuri, utasikia kwamba cucu alikuwa nacho au baba mtoto ana kialama mkononi. Si laana, wala si kosa la mama kula kitu fulani akiwa mjamzito.

Shida iko kwenye uzi. Watu husema, hicho ni kijinyama tu, kifunge kikauke kianguke. Lakini hata kile kinachoning'inia kwa shina jembamba kina ngozi, mafuta, mshipa wa damu na neva. Vingine vina mfupa na kiungo kamili. Ukifunga nyumbani kwa uzi wa kushonea, kidole kinakosa damu na kuoza polepole kikiwa bado kwenye mkono wa mtoto mchanga. Hapo vijidudu vinapata mlango, na pepopunda ni mojawapo ya hatari hizo. Neva iliyokatwa vibaya inaweza kuota kinundu kinachouma kila kikiguswa, hata mtoto akiwa mkubwa. Mpeleke hospitali. Daktari atapapasa ajue kama kuna mfupa, na kikihitaji kutolewa kitatolewa kwa dawa ya ganzi au ya kulala. Kama kidole kiko upande wa kidole gumba, au mtoto ana tofauti nyingine, mwambie daktari amkague mwili mzima.

Sasa lile baka la kibuluu. Watoto wetu wengi huzaliwa na baka la rangi ya buluu au kijivu kiunoni, matakoni au mgongoni. Hilo ni seli za rangi. Mtoto akiwa tumboni, seli hizi huanzia karibu na uti wa mgongo na kusafiri hadi ngozi ya juu. Nyingine zinabaki njiani, ndani zaidi, na rangi nyeusi ikitazamwa kutoka chini ya ngozi huonekana ya kibuluu. Haliumi, halihitaji dawa ya kupaka, na kwa kawaida hufifia kabla mtoto hajaanza shule au karibu na hapo.

Kwa nini nalitaja? Kwa sababu yaya anaweza kufukuzwa kazi kwa ajili yake, akidaiwa kumfinya mtoto. Jeraha la kupigwa huuma, na rangi yake hubadilika kwa siku chache kuwa ya kijani na manjano. Baka la kuzaliwa linabaki vile vile kwa miezi. Kwa hiyo mwombe muuguzi aliandike kwenye kijitabu cha kliniki, mahali lilipo na ukubwa wake. Na alama mpya ambayo haikuwako jana isipewe jina hili. Hiyo muulize daktari.

Kitovu kilichotokeza nacho kinatisha bure mara nyingi. Pale kamba ya kitovu ilipopita kuna tundu kwenye ukuta wa tumbo, na kwa watoto wengine tishu inachelewa kuliziba. Mtoto akilia, utumbo unasukuma na kitovu kinavimba kama ndimu. Wengi hupona wenyewe kabla ya miaka 4 au 5. Sarafu iliyofungwa kwa kitambaa haizibi tundu, inachubua ngozi na kuleta vidonda. Lakini kikiwa kigumu, kimebadilika rangi, kinauma, hakirudi ndani, au mtoto anatapika, usingoje asubuhi. Uvimbe wa kwenye kinena ni jambo lingine: huo haupotei wenyewe, unahitaji upasuaji, mwoneni daktari mapema.

Nimeacha mwisho jambo lisilofaa kusubiri hata kidogo, nalo ni mguu kifundo, ambapo unyayo umepinda kuelekea ndani na chini. Hapa ule ushauri wa "atanyooka akianza kutembea" unaharibu maisha. Mguu wa mtoto mchanga sehemu kubwa bado ni gegedu, tishu laini kama ya ncha ya sikio, na kano zake zinavutika. Daktari Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi Iowa, Marekani, alionyesha kwamba mguu huo unanyooshwa taratibu kwa mikono na kufungwa plasta, ikibadilishwa kila wiki, kwa kawaida plasta 5 au 6 hivi. Watoto wengi pia hukatwa kidogo kano ya kisigino. Baadaye ni viatu maalumu vilivyounganishwa na kijichuma, kwanza karibu siku nzima, halafu usiku tu hadi miaka 4 hivi. Hapo kwenye viatu ndipo akina mama wengi huchoka, kwa kuwa mguu tayari unaonekana mzuri na mtoto analia. Ukiviacha, mguu hurudi ulikokuwa.

Matibabu huanza katika wiki za kwanza za maisha. Uliza Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri, au Tumutumu kama uko upande wa Karatina, wakuelekeze kliniki inayofanya kazi hiyo. Hospitali ya CURE iliyoko Kijabe imekuwa ikitibu mifupa ya watoto tangu 1998. Na mtoto wako akiwa amevuka miezi kadhaa, au hata anatembea, bado mpeleke. Kazi itakuwa ndefu zaidi, lakini mguu bado unaweza kusaidiwa.