Korona Ilivyoitoa Korti Barazani na Kuitia Ndani ya Simu

Tauni ilipoingia Nairobi mwaka 1902, wakubwa wa zama hizo waliliteketeza kwa moto soko la Wahindi, wakitumaini kwamba ugonjwa nao utaungua humo humo. Mwaka 1921 ikaja Sheria ya Afya ya Umma, na ndiyo hiyo hiyo iliyotolewa kabatini na kupanguswa vumbi karibu miaka mia moja baadaye, korona ilipobisha hodi. Kwa hivyo, ndugu msomaji, si jambo geni katika mji huu maradhi kuleta sheria. Lililo geni ni kwamba safari hii maradhi yaliigeuza hata korti yenyewe, pamoja na desturi za wale wanaokwenda kutafuta haki humo.

Nayasema haya kwa kuwa mimi ni karani wa wakili. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kazi ya miguu. Alfajiri nilikuwa nimekwisha fika Milimani kutazama orodha ya kesi ukutani. Baadaye nikapanga foleni masjala, nikalipia ada, nikagongewa mihuri, nikakimbia kutoa nakala, kisha nikawapelekea mawakili wa upande wa pili karatasi zao. Karani hodari alijulikana kwa viatu vyake vilivyoisha visigino.

Nayo korti ilikuwa baraza. Mtu akishtakiwa, au ndugu wakigombania shamba, ukoo mzima ulipanda gari usiku ukafika asubuhi. Wazee walikaa viti vya nyuma na kofia mapajani. Kesi nyingi, nawaambia, zilimalizwa kule nje chini ya mti, chai mkononi, wakati wakubwa ndani wangali wanatafuta tarehe.

Mji wafungwa

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 13, 2020. Siku mbili baadaye Jaji Mkuu wa wakati huo, Bw. David Maraga, alitangaza kwamba shughuli za korti zitapunguzwa, na mahabusu wasiletwe kutoka rumande. Kesho yake Milimani palikuwa kimya kama shule wakati wa likizo. Ilisemwa kuwa ni kwa majuma mawili. Lakini majuma mawili kwa mtu aliye huru na majuma mawili kwa mtu aliyeko rumande kwa kukosa dhamana ya shilingi elfu chache si muda mmoja.

Machi 27 ikaanza kafyu, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili 6 mipaka ya Nairobi ikafungwa, asitoke mtu wala asiingie. Mambo ya mji yakapinduka. Matatu ya watu 14 ikabeba wanane, na nauli ikapanda. Makanga aliyezoea kutuvuta mashati sasa alisimama mlangoni na chupa ya dawa, akitumiminia viganjani kama padri na maji ya baraka. Kukosa barakoa kukawa hatia ambayo faini yake ilifika shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita. Mikono tuliyozoea kupeana tangu utotoni tukaificha, tukasalimiana kwa viwiko au kwa kugota ngumi. Mazishi yakawa ya watu 15 tu; na kwetu sisi, mtu kuzikwa na watu 15 ni kama kufa mara mbili.

Nje ya orodha

Katika amri ya kafyu iliandikwa orodha ya wale walioruhusiwa kutembea usiku: madaktari, wauguzi, watu wa magazeti na wengineo. Mawakili hawakuwamo. Hebu fikiri: mtu anakamatwa saa mbili usiku kwa kuchelewa kufika nyumbani, na wakili wake akitoka kwenda kumwona, naye atakamatwa. Na usiku ule ulikuwa wa hatari. Jioni ya Machi 30, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi na polisi akiwa roshani ya nyumba yao huko Kiamaiko, akafa.

Chama cha Mawakili kilikuwa kimekwisha kwenda korti kuu. Aprili 16, 2020, Jaji Weldon Korir aliamua kwamba kafyu yenyewe ni halali, lakini kutumia nguvu kupita kiasi katika kuitekeleza si halali. Akaagiza mawakili na wale wanaochunguza makosa ya polisi watiwe katika orodha. Siku ile ndipo nilipofahamu kwamba korti haiwezi kufungwa hata ikifungwa milango.

Jaji ndani ya simu

Kisha likaja jambo lililoniingia mwilini mwangu. Kuanzia Julai 1, 2020, kesi za Nairobi zikawa zinasajiliwa kwa kompyuta. Ada inalipwa kwa simu, hukumu inatumwa kwa barua pepe, na jaji anasikiliza mashauri kwa video akiwa mbali.

Sitasema uongo, faida tuliiona. Wakili wa Kisumu, ambaye zamani alisafiri usiku kucha ili asimame dakika tatu kesi yake itajwe na kuahirishwa, sasa husimama dakika hizo tatu sebuleni kwake. Faili lililokuwa "limepotea" mpaka mtu atoe cha chai, katika masjala moja ambayo sitaitaja, sasa halina kabati la kupotelea. Kuna na ya kuchekesha: nimeona wakili mwenye tai na koti juu, na chini kaptura, na jogoo wa jirani akitoa hoja zake bila ruhusa ya mahakama.

Lakini kila mabadiliko yana walioachwa njiani. Kijana wa kutoa nakala karibu na Milimani, mama aliyetuuzia chai na mandazi, mpiga chapa wa hati za kiapo, wote hao waliishi kwa karatasi. Karatasi ilipokoma, nao wakatawanyika. Makarani wenzangu kadhaa walirudi mashambani.

Kuna mama mjane, mteja wetu katika kesi ya mirathi, ambaye hakuwa na simu ya kisasa. Siku ya kusikilizwa tulimketisha ofisini mbele ya kompyuta. Shemeji yake, anayeng'ang'ania shamba, alikuwa kijijini. Kila alipoulizwa swali gumu, picha yake ilizimika, akasingizia mtandao. Ikirudi, jibu lilikuwa limekwisha kunyooka. Nani alikuwa kando yake akimnong'oneza? Jaji hakuweza kuona. Kesi ilipoahirishwa na kioo kuwa cheusi, mama yule aliniuliza, "Mwanangu, sasa huyo jaji ameniona mimi?" Nilimjibu kwamba amemwona. Akasema, "Mbona mimi sikuona akinitazama?"

Hilo ndilo swali linalonisumbua hata leo. Katiba ya 2010 inasema kesi ya mshtakiwa isikilizwe hadharani, na kwamba haki iwe wazi kwa watu wote. Hadhara ni nini kwa ajuza asiye na simu wala pesa za bando?

Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021. Matatu zimejaa tena, barakoa zimetupwa, mikono inapeanwa, na matanga yamerudi na umati wake. Korti pekee haikurudi ilikotoka. Tangu Machi 11, 2024, kusajili kesi kwa kompyuta kumeenea nchi nzima. Sipingi. Mwenye kulilia foleni za masjala ni yule ambaye hakuwahi kuzipanga. Ninachotaka ni hiki: isiwe korti hata moja, mjini au kijijini, isiyo na chumba chenye mashine na mtu wa kumwongoza asiyejua, na mashahidi wa mashamba na mirathi, wanapogombana watu wa tumbo moja, waletwe mbele ya jaji ana kwa ana, ukoo ukiwa umekaa nyuma. Kutaja kesi kwaweza kufanywa kwa simu. Kumtazama mtu usoni anapokula kiapo kunahitaji macho.