Injini ya Mtu Asiyebadilisha Oili

Nyuma ya jiko letu hapa Birongo, upande wa Nyaribari Chache, Kisii, kulikuwa na pikipiki ambayo kuku walikuwa wameigeuza kitanda. Kiti kilibaki chuma na sponji kidogo, spoki za gurudumu la nyuma nusu zimekatika, tangi limejaa kutu ndani kama sufuria iliyosahaulika mvuani. Fundi wa sokoni alipokuja kuitazama hakujali hata kimoja kati ya hivyo. Alichuchumaa, akashika kiki kwa mkono, akaisukuma polepole huku ametega sikio. Ilimkatalia kidogo, kisha ikapumua.

"Kompresheni ipo," akasema. "Hii haijafa, mogaka. Imelala tu."

Ni Honda CG125, ya enzi za pointi na betri ya volti 6. Rafiki yangu wa Nairobi alicheka niliposema nataka kuifufua na kuiunda upya iwe pikipiki ya kale ya kujivunia. Kwake pikipiki ya kale ni BSA au Triumph, iliyokatwa mkia na kuinamishwa usukani, mtindo wa vijana wa London waliokuwa wakikusanyika Ace Cafe miaka ya 1950 na 1960. Sawa. Lakini BSA ikikudai gasketi, utaisubiri kutoka ng'ambo. CG ikikudai gasketi, unatembea hadi dukani pale stejini na kurudi kabla chai haijapoa. Kama kuna mashine ya kale ambayo mtu wa kawaida nchini humu anaweza kuifufua nyumbani kwake, ni hii, na sababu iko ndani ya injini.

Kabla yake Honda walikuwa na injini nyingine ya cc 125, ile ya CB125, yenye kemshafti juu kichwani. Ni mpangilio mzuri kwa mtu anayebadilisha oili kwa wakati. Kemshafti hiyo huzunguka ndani ya alumini ya kichwa chenyewe, mbali na oili iliyo chini, na huendeshwa na cheni ndogo ambayo nayo hutaka kuangaliwa. Sasa ipeleke mahali ambapo pikipiki inabeba watu watatu na gunia juu, oili inaongezwa tu bila kubadilishwa, na chujio la hewa lilishatolewa likatupwa. Kichwa kinalika. Wahandisi wa Honda waliyaona hayo katika nchi zinazoendelea, na badala ya kumlaumu mwenye pikipiki, wakabadilisha injini. Katikati ya miaka ya 1970 ikatoka CG. Mwaka 1976 ilianza kuundwa Manaus, Brazil, ikawa pikipiki ya kwanza ya Honda kutengenezwa nchini humo, na Pelé mwenyewe akaitangaza.

Walichofanya ni kurudi nyuma kwa makusudi. Kemshafti ikashushwa hadi karibu na krenki, ambako oili hurushwarushwa hata ikiwa imebaki kidogo. Cheni ikaondolewa, gia zikachukua kazi yake. Na hapa ndipo mimi nilipovua kofia: nundu ya kemshafti ni moja tu, nayo inahudumia valvu zote mbili. Vikanyagio viwili vinaipanda kwa zamu, kila kimoja kinasukuma pushrodi nyembamba kwenda juu, pushrodi inainua roka, roka inafungua valvu. Chujio la oili la karatasi hakuna. Kuna wavu wa chuma, na kikombe kinachozunguka kwa kasi hadi uchafu unabanwa ukutani mwake, kama vile gari likikata kona abiria wanavyorundikana upande mmoja.

Usidhani basi ni injini goigoi. Kipenyo cha silinda ni milimita 56.5, safari ya pistoni ni milimita 49.5, na inaweza kufika mizunguko 9,000 kwa dakika. Piga hesabu: kila sekunde pistoni inapanda na kushuka mara 150, mafuta yanalipuka mara 75, na kila valvu inafunguka na kufunga mara 75. Yote hayo chini ya mapaja ya mtu anayepeleka ndizi Keroka.

Tulipofungua ya kwetu, ringi zilikuwa zimeganda kwa masizi na ukuta wa silinda una mikwaruzo ambayo ukucha uliihisi. Hilo si msiba. Pistoni za akiba huuzwa kwa saizi: ya kawaida, kisha iliyozidi kwa 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00 ya milimita. Silinda ikapelekwa mjini Kisii kuchongwa, ikarudi imepanuka nusu milimita, inang'aa. Valvu tulizisaga wenyewe. Unapaka unga wa kusagia kwenye ukingo wa valvu, unaibandika kwenye kijiti chenye mpira, kisha unakizungusha kati ya viganja, huku na huku, kama mtu anayepekecha moto. Baada ya nusu saa unamimina petroli kidogo kwenye tundu la hewa na kusubiri. Ikipenya upande wa pili, rudi ukapekeche. Mimi nilirudi mara tatu.

Mwisho wa yote ni tapeti. Nafasi inayotakiwa, injini ikiwa baridi, ni milimita 0.08, takriban unene wa karatasi ya daftari. Ukikaza kupita hapo valvu haifungi sawasawa na itaungua. Ukilegeza sana utasikia ule mlio wa cherehani ambao waendeshaji wengi wamekwisha kuuzoea, wanadhani ndiyo sauti ya pikipiki.

Iliwaka kiki ya nne. Ikatoa moshi mweusi, ikakohoa, ikazima. Kosa lilikuwa langu: nilinunua kabureta mpya nikaifunga kama ilivyotoka kwenye boksi, na jeti yake ilifaa nchi ya chini. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukielekea Keroka barabara inazidi kupanda. Huku hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kiasi cha asilimia 15 au zaidi. Petroli inakuja ileile, hewa imepungua, basi mchanganyiko unakuwa mzito na haungui wote. Fundi alifungua plagi akanionyesha: nyeusi, yenye masizi makavu. Plagi yenye afya huwa ya kahawia, kama chai yenye maziwa machache. Ikiwa nyeupe, petroli ni haba na pistoni iko hatarini. Tukaweka jeti ndogo zaidi, tukazunguka nayo, tukaifungua tena. Kahawia.

Urembo sina mengi ya kusema juu yake. Tangi tulilitia siki na nati nzee, tukalitikisa hadi mikono ikauma. Lakini kama tangi lako limetoboka, usilisogeze karibu na moto wa kuchomelea kabla ya kuliosha kabisa na kulijaza maji, hata kama lilikaa tupu mwaka mzima, kwa sababu mvuke wa petroli uliobaki ndio unaolipuka. Kiti kimeshonwa na fundi wa viti vya matatu. Fremu sikuikata. Wengi hukata nyuma ili pikipiki ionekane fupi na kali, na mimi naona ni kuharibu: mabega ya shokabu yako hapo. Ukibadilisha injini yenyewe, kumbuka pia nambari yake imeandikwa kwenye logibuku.

Na injini hii haiko kwenye Honda za kale pekee. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa VAT kwa pikipiki zilizo chini ya cc 250, na boda zikamiminika hadi vijijini. Nyingi zilitoka China, na nyingi kati ya hizo zilibeba injini iliyonakiliwa kutoka CG. Kuitambua si kazi. Chini ya silinda, ubavuni, kuna maandishi yaliyogongwa kwenye chuma. Ukiona 156FMI, soma hivi: 1 ni silinda moja, 56 ni kipenyo chake kwa milimita, F ni kupozwa kwa hewa, M ni pikipiki, I ni cc 125. Ukiona 162FMJ, kipenyo kimefika 62 na J ni cc 150, lakini safari ya pistoni mara nyingi ni ileile ya milimita 49.5. Kesho ukishuka kwenye boda, kabla hujalipa, inama uangalie.