Maneno Yalivyoua Mswada wa Wafanyakazi Marekani

Ndugu wafanyakazi, katika semina za matawi huwa tunaulizwa swali hili: ikiwa wabunge walio wengi wanaunga mkono jambo la wafanyakazi, je, jambo hilo laweza kushindwa? Laweza, tena bila hata kupigiwa kura ya mwisho. Tunawaleteeni habari za mswada mmoja wa Marekani. Wenzetu wa huko waliupoteza mwaka 1978, ingawa walikuwa na kura nyingi kuliko wapinzani wao.

Mswada wenyewe ulihusu sheria ya kazi. Huko Marekani wafanyakazi wakitaka chama hupiga kura mahali pa kazi chini ya usimamizi wa bodi ya serikali. Waajiri walikuwa wamejifunza kwamba si lazima washinde kura hiyo, yatosha kuichelewesha. Leo pingamizi, kesho rufaa, na huku wafanyakazi walio mstari wa mbele wanafukuzwa mmoja mmoja. Aliyefukuzwa akishinda kesi baada ya miaka, hulipwa mshahara aliopoteza tu, tena ukitolewa kile alichokipata kwa vibarua vya kwingine. Kwa tajiri hiyo ni bei ya chini sana ya kununua woga wa kiwanda kizima.

Kampuni iliyotajwa sana wakati ule ni ile ya nguo ya J.P. Stevens, iliyokuwa na viwanda vingi katika majimbo ya kusini. Katika mji wa Roanoke Rapids, North Carolina, mama mmoja mfanyakazi, Crystal Lee Sutton, alifukuzwa mwaka 1973 kwa ajili ya kazi ya chama. Kabla ya kutolewa nje alipanda juu ya meza, ameinua kipande cha boksi alichokiandika neno moja tu, CHAMA, na wenzake wakazima mashine zao. Sinema ya Norma Rae ya mwaka 1979 ilitokana na habari zake. Agosti 1974 wafanyakazi wa mji huo walipiga kura, chama kikashinda. Mkataba ukatiwa sahihi Oktoba 1980. Hesabuni wenyewe, ninyi mnaovuta vumbi la pamba kila siku: miaka sita kati ya kushinda na kupata.

Kwa sababu hiyo mswada ulitaka ziwekwe siku maalumu za kupiga kura ya chama. Ulitaka wajumbe wa bodi waongezwe kutoka 5 hadi 7 ili kesi ziende mbio, aliyefukuzwa kinyume cha sheria alipwe zaidi ya kile alichopoteza, na kampuni zinazovunja sheria kwa makusudi zinyimwe zabuni za serikali. Oktoba 1977 Baraza la Wawakilishi liliupitisha kwa kura 257 dhidi ya 163. Rais Jimmy Carter alikuwa akiuunga mkono. Ikabaki Seneti.

Seneti ina wajumbe 100, wawili kutoka kila jimbo, liwe lina watu wengi au wachache. Desturi yake ni kwamba mjumbe akishapewa nafasi ya kusema, hakuna wa kumkatiza kwa saa. Kuufunga mjadala kwahitaji kura 60. Hivyo wajumbe 41 waliokaza meno wanaweza kuwazuia 59.

Mei 1978 wapinzani wa mswada, wakiongozwa na Orrin Hatch wa Utah na Richard Lugar wa Indiana, walijipanga kwa zamu kama zamu za kiwandani: huyu akichoka, yule anapokea. Wakatayarisha na marekebisho kwa mamia, ili hata maneno yakiisha pawe na jambo jingine la kujadili. Mwezi wa Juni ilipigwa kura ya kufunga mjadala mara sita. Walipofika juu kabisa walipata 58. Zilipungua kura mbili! Mara ya sita, tarehe 22 Juni, zilikuwa 53, na hizo nazo ni zaidi ya nusu. Mswada ukarudishwa kwenye kamati na haukutoka tena. Ulioletwa kukomesha ucheleweshaji ukauawa kwa ucheleweshaji.

Silaha hii ni ya zamani. Mwaka 1935 Seneta Huey Long wa Louisiana alisema kwa saa 15 na zaidi, na alipoishiwa hoja akaanza kuwaeleza wenzake jinsi ya kukaanga chaza. Hapo twaweza kucheka. Lakini mwaka 1957 Strom Thurmond wa South Carolina alisema saa 24 na dakika 18 kuipinga sheria ya haki za kupiga kura za watu weusi. Mwaka 1964 watu wa upande wake waliizuia kwa majuma mengi sheria ya haki za raia, ambayo ndani yake mlikuwa na kifungu cha kumkataza mwajiri kubagua kwa rangi. Safari hiyo Seneti ilipata kura 71 za kufunga mjadala, wakati zilitakiwa 67, na sheria ikapita.

Wapo wanaosema kwamba desturi hiyo ni ngao ya wachache. Hatukatai moja kwa moja. Mwaka 1953 Wayne Morse wa Oregon, rafiki wa wafanyakazi, alisema saa 22 akipinga mafuta ya baharini kukabidhiwa majimbo. Alishindwa. Sisi tunauliza tu: katika ngao hiyo, ni wachache gani waliojificha mara nyingi zaidi?

Siku hizi hata kusimama si lazima. Tangu miaka ya 1970 Seneti imekuwa ikiweka kando jambo lenye ubishi na kuendelea na mengine, hivyo kutishia tu kunatosha. Mwaka 2007 mswada mwingine wa vyama ulipata kura 51 dhidi ya 48 ukakwama. Mwaka 2021 mwingine ulipita Baraza la Wawakilishi kwa 225 dhidi ya 206, na Seneti haikuupigia kura kabisa.

Kwetu mbunge hupimiwa dakika na Spika, lakini mchezo huu tunaujua kutoka meza ya majadiliano. Katika shamba moja la chai, menejimenti ilikuja vikao vitatu mfululizo na mtu asiye na mamlaka ya kutia sahihi. Kikao cha nne ilisomwa ripoti ya bei za mnadani tangu asubuhi hadi saa ya lori la kuwarudisha watu kambini. Muda wote huo wachumaji walilipwa kiwango cha zamani kwa kila kilo.

Matawi yanayoanza majadiliano ya mkataba mpya yaombe mambo mawili yaandikwe siku ya kwanza, kabla ya kugusa mshahara: tarehe ya kila kikao, na kwamba nyongeza italipwa kuanzia siku mkataba wa zamani ulipokwisha. Makatibu watutumie nakala ya maandishi hayo.