Kijiko cha Trekta: Kitolewe au Kiachwe?

Tangu mwezi wa pili wengi wenu mmekuwa mkiuliza kwa nini trekta la shule halina tena kijiko chake cha mbele, na kwa nini kijiko hicho kimesimama peke yake chini ya mgrevilea nyuma ya ghala. Wako waliosema kimeharibika. Wako waliosema kimeuzwa. Mzazi mmoja aliyekuja siku ya wazazi aliniuliza, kwa upole sana, kama shule ina deni. Mimi ni karani wa Kamati ya Shamba, nami nilikuwapo jambo hili lilipoamuliwa. Basi Mwalimu wa Kilimo ameniagiza nieleze mambo yalivyokuwa.

Kwanza kifaa chenyewe. Kijiko ni kile chombo kipana cha chuma kichotacho samadi, mchanga na moramu. Hushikwa na mikono miwili mirefu ipitayo ubavuni mwa injini, na mikono hiyo huinuliwa na silinda zenye mafuta yanayosukumwa na pampu ya trekta. Mafundi hukiita kifaa chote loda, lakini hapa shuleni sote twasema kijiko, nami nitafuata desturi hiyo. Kijiko chetu pamoja na mikono yake kina uzito wa kilo 450. Kimeshikwa kwa pini nne na mipira minne ya mafuta, wala hakikuungwa kwa moto. Kwa hiyo chaweza kutolewa na kurudishwa. Ndipo lilipo swali.

Asiyejua kazi ya shamba atasema, "Kama chatoka, kwa nini kisitolewe? Na kama hakisumbui, kwa nini kisiachwe?" Nami nilikuwa wa namna hiyo hiyo mpaka mwaka jana.

Mwaka jana, katika juma la pili la mwezi wa pili, trekta lilianza kulima ekari zetu 30 huku kijiko kingali mbele. Lilikuwa limetoka kupakia samadi, mvua za masika zilikaribia, na hakuna aliyetaka kupoteza nusu siku kufungua pini. Siku ya nne gurudumu la mbele la kushoto likaanza kulala upande, na kabla ya saa sita beringi yake ikavunjika. Tulingoja siku 11 mpaka nyingine ilipopatikana. Mvua ikatutangulia. Ekari 12 zilipandwa mwezi wa nne zikiwa zimelimwa matope matupu, nanyi mnajua mahindi ya namna hiyo huwaje. Mwezi wa kumi ghala letu lilikuwa tupu, shule ikanunua mahindi kwa fedha zilizokusudiwa vitanda vipya vya bweni la Kidato cha Kwanza. Wadogo zetu wakalala wawili wawili mpaka shule ilipofungwa.

Sisemi kwamba kijiko ndicho kilichovunja beringi. Ile beringi haikuwa imetiwa grisi tangu mavuno, na jambo hilo lilikuwa zamu ya wanafunzi, wala si kosa la dereva. Lakini mzigo uliokuwa juu yake ulikuwa mkubwa kuliko tulivyodhani, nami nitaonyesha kwa hesabu.

Mwaka huu, samadi ilipokwisha kupelekwa shambani, Mwalimu wa Kilimo aliikutanisha Kamati, akamwalika Mzee dereva wetu, na Bwana Shamba wa kata akaja pia. Mwalimu alitaka kijiko kitolewe. Mzee alikataa. Alisema, "Mwalimu, mimi nimelima na kijiko mbele miaka mingi. Plau likiinuliwa nyuma, trekta huwa jepesi mbele, na usukani haushiki. Kijiko ndicho kinachokaa mbele na kulishikilia." Tena akasema kwamba kukitoa si kazi, kazi ni kukirudisha. Aliwahi kuangaika na pini moja siku nzima katika shamba alilofanya kazi zamani, kwa sababu kijiko kiliachwa penye udongo laini kikazama, na mikono haikuelekeana tena na mashimo yake.

Maneno haya ni ya mtu ajuaye kazi yake, na sisi wanafunzi hatukuwa na la kujibu. Bwana Shamba ndiye aliyesema, "Vijana, si mmesoma habari za wenzo? Pimeni." Basi tukachukua utepe na kijitabu cha trekta, tukaenda uwanjani.

Kila aliyecheza bembea ya ubao anajua kwamba mtoto mdogo akikaa mwishoni kabisa aweza kumwinua mkubwa aliyekaa karibu na katikati. Uzito peke yake hautoshi; umbali nao huhesabiwa. Trekta ni bembea ya namna hiyo, na ekseli ya mbele ndiyo egemeo. Letu lina urefu wa sentimita 225 kutoka ekseli hata ekseli. Lina uzito wa kilo 2,800, na katika hizo kilo 1,000 hukaa juu ya magurudumu ya mbele na kilo 1,800 juu ya yale makubwa ya nyuma. Kijiko hakikai juu ya ekseli ya mbele; uzito wake huning'inia sentimita 90 mbele yake. Zidisha 450 kwa 90, kisha gawa kwa 225, utapata 180.

Yaani kijiko, kikiwa kitupu, huyainua magurudumu ya nyuma kana kwamba mmeondoa kilo 180 juu yake. Na ekseli ya mbele haibebi zile 450 tu, bali 450 na 180 pamoja, jumla 630. Mahali palipokuwa na kilo 1,000 sasa pana 1,630. Nilipoiandika namba hiyo ubaoni nilikumbuka beringi yetu.

Kumbukeni pia kwamba trekta letu huvuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Gurudumu hushika ardhi kwa kadiri ya uzito ulio juu yake. Ukipunguza sehemu moja ya kumi ya uzito, umepunguza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu ya kuvuta. Hapo tairi huteleza, na tairi linaloteleza hula dizeli bila kulima.

Tukageukia hoja ya Mzee, maana haikuwa haki kupima upande mmoja tu. Plau letu la sahani tatu lina kilo 400, na likiinuliwa uzito wake hukaa sentimita 135 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kwa hesabu ile ile, huondoa kilo 240 mbele. Zitabaki 760. Bwana Shamba alitueleza kanuni itumiwayo na watu wa matrekta, kwamba mbele pasipungue sehemu moja ya tano ya uzito wote, ili usukani ushike. Trekta na plau pamoja ni kilo 3,200, na sehemu ya tano yake ni 640. Basi 760 zatosha, ingawa si kwa mbali sana. Kwa hiyo Mzee alisema kweli kwamba mbele huwa pepesi, na kama plau letu lingekuwa kubwa zaidi tungemfuata yeye, au tungefunga vyuma vya uzito puani mwa trekta. Kwa plau hili tulilo nalo, si lazima.

Liko jambo jingine ambalo halikunijia kabisa akilini, nalo ndilo lililomgeuza Mzee. Upande wa mashariki wa shamba letu una mteremko. Mtu huona magurudumu manne akadhani trekta limesimama kama meza. Sivyo. Ekseli ya mbele ya trekta kama letu imeshikwa kwa pini moja katikati, ili magurudumu ya mbele yapande na kushuka penye mashimo. Kwa hiyo trekta huanza kupinduka kama kigoda cha miguu mitatu: miguu miwili ni magurudumu ya nyuma, na wa tatu ni ile pini. Kigoda hicho ni kipana nyuma na chembamba mbele. Kadiri uzito unavyosogezwa mbele ndivyo unavyoingia penye wembamba. Tulipima tukaona kwamba bila kijiko, kitovu cha uzito wa trekta letu kina sentimita 48 hivi kila upande kabla ya kufika ukingoni. Kijiko kikiwapo, hubaki 37. Na hapo kijiko ni kitupu na kiko chini. Kikiinuliwa juu kikiwa kimejaa, hatari huzidi, kwa sababu kitovu cha uzito nacho hupanda.

Mzee alikaa kimya, kisha akasema, "Ule mteremko nimekuwa nikiuogopa miaka yote, wala sikujua kwa nini." Akakubali.

Hapa niseme neno dogo kwa wenzangu wanaopenda kusimama karibu trekta linapopakia. Samadi ikijaa kijikoni, nyuma huwa pepesi zaidi. Ndiyo sababu Mzee haondoi plau nyuma wakati wa kupakia, hata kama halilimi. Si uvivu. Ni jiwe la mizani.

Lakini msifikiri tuliamua kwa hesabu za uwanjani tu. Mwalimu alitaka tuandike kazi zote za trekta mpaka mwezi wa saba: kulima, kupiga haro, kupanda, kuvuta tela la kuni na la mbegu. Katika orodha nzima hakuna kazi ya kijiko hata moja, ila ile ya kutengeneza barabara, ambayo huja mvua ikitaka. Kama tungekuwa na siku mbili za kulima, kisha samadi, kisha siku mbili tena, mimi ningesema kiachwe, na mteremko ulimwe kwa ng'ombe. Mkulima afugaye ng'ombe wengi na kulima ekari tano hana sababu ya kukitoa. Sisi tulikuwa na miezi mitano mbele yetu.

Kukitoa kulichukua saa moja na nusu. Mzee alichagua mahali tambarare penye udongo mgumu, tukatandika mbao nene mbili, kijiko kikashushwa juu yake, na ile miguu yake ya kusimamia ikateremshwa. Tukatoa pini. Mzee akakiinamisha kijiko kidogo kidogo kwa nguvu ya mafuta mpaka mikono ikatoka katika vishikio vyake, akazima injini, akasukuma na kuvuta mpini wa haidroliki mara kadhaa ili msukumo uliobaki ndani ya mipira uishe. Hapa hakutaka mzaha. Mafuta yenye msukumo yakipenya katika tundu dogo kama la sindano yaweza kuingia chini ya ngozi, na jeraha huonekana dogo hali ndani mkono unaharibika. Aliyepatwa apelekwe hospitali saa ile ile, asingoje maumivu. Kisha tukafungua mipira, tukaiziba midomo kwa vifuniko safi, na trekta likarudi nyuma taratibu.

Kwa nini chini ya mgrevilea? Kwa sababu ya kivuli. Mafuta yaliyofungiwa ndani ya mipira hupanuka juani, na siku ya kuunganisha viungo hukataa kuingia. Na ile seng'enge mliyoiona kuzunguka kijiko tuliizungusha kwa ajili yenu. Kilo 450 zilizosimama juu ya miguu myembamba si mahali pa kuanikia mashuka, wala pa kujisomea, hata kama kivuli ni kizuri.

Ekari zote 30 zililimwa kwa siku tisa, mteremko na wote. Lazima niseme pia hasara tuliyoipata. Mwezi wa nne mvua ilikata barabara ya lango kuu, lori la unga likakwama nje, na kwa kuwa kijiko hakikuwapo tulijaza moramu kwa mabeleshi siku mbili, Kidato cha Tatu na cha Nne, kwenye mvua. Wako walionitaja kwa jina siku hizo, nami nilisikia. Kukirudisha kwa kazi ya siku mbili, kisha kukitoa tena, kungewezekana. Lakini pale chini ya mti palikuwa pamelowa, na Mzee alikataa kuingiza trekta asije akalizamisha. Mwaka ujao kijiko kisimamishwe penye sakafu ya saruji kando ya karakana, kama wakubwa watakubali kuhamisha matangi.

Hivi leo mahindi yamenipita kimo. Kijiko kitarudishwa katika juma la kwanza la mwezi wa saba. Pini zake nne zimo ndani ya kopo la rangi lililojazwa grisi, rafu ya pili ya ghala, na ufunguo uko kwa Mwalimu wa Kilimo. Kidato cha Tatu watakaopokea kazi hii waangalie kwanza beringi za mbele.