Je, Wajua? Risasi ya Kwanza ya Msumbiji

Je, wajua kuwa vita vya ukombozi wa Msumbiji vilianzia Chai, kituo kidogo cha utawala wa Wareno huko Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964? Si Lourenço Marques, makao makuu ya mkoloni, wala bandari ya Beira. Chai! Kwenye ramani nyingi hata haimo.

Je, wajua shambulio lenyewe lilivyokuwa? Kiongozi wake, Alberto Chipande, kijana wa Kimakonde, amesimulia kuwa mlinzi alikuwa ameketi kitini mbele ya nyumba ya mkuu wa kituo. Yeye na wapiganaji wenzake walikubaliana kwamba risasi ya kumpiga mlinzi ndiyo itakayokuwa ishara kwa wenzao waliojificha. Ilipolia, mkuu wa kituo akafungua mlango aone kulikoni, naye akapigwa. Baada ya uhuru, Chipande akawa waziri wa kwanza wa ulinzi.

Je, wajua kuwa Chipande huyo alishuhudia mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960, askari wa Kireno walipoufyatulia risasi umati uliokuja kuzungumza? FRELIMO, chama kilichoongoza vita hivi, ilitaja vifo zaidi ya 500. Wareno walitaja vichache mno. Kwa Wamakonde wengi, mazungumzo na mkoloni yaliishia pale.

Je, wajua kuwa FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam, tarehe 25 Juni 1962, kwa kuunganisha vyama vitatu: UDENAMO, MANU na UNAMI? Rais wake, Eduardo Mondlane, alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu Marekani.

Je, wajua kuwa Kongwa na Nachingwea huko Tanzania, walikofunzwa wapiganaji, ni maeneo yaleyale Waingereza walikotaka kulima karanga wakaambulia hasara ya mamilioni ya pauni? Karanga zilikataa, wapigania uhuru wakaota.

Je, wajua kuwa FRELIMO ilianza vita na wapiganaji wapatao 250 tu waliofunzwa? Mwaka 1970 jenerali wa Kireno, Kaúlza de Arriaga, alituma askari 35,000 kaskazini kuwamaliza. Hakuwamaliza.

Je, wajua kuwa si kila pembe ya nchi iliwaka kwa pamoja? Cabo Delgado na Niassa, zinazopakana na Tanzania, zilishika. Tete na Zambezia zilizimika mapema kwa kukosa njia ya kupitisha silaha, na Tete haikufunguliwa tena hadi 1968. Mwenye jirani mwema ndiye aliyeweza kupigana.

Je, wajua kuwa tarehe 25 iliandama vita hivi hadi mwisho? Mapinduzi yaliyoung'oa udikteta Ureno yalitokea 25 Aprili 1974, na Msumbiji ikapata uhuru 25 Juni 1975.

Kama unamfahamu mzee aliyeishi Newala, Mtwara au Nachingwea miaka hiyo, muulize aliyoyaona. Mengi bado hayajaandikwa.